Maswali ya Wasomaji: Bima ya gari ya Texas, 30/60/25 inamlipa nani?

SWALI: Salaam wahariri. Niko Fort Worth, Texas. Nimenunua gari lililotumika kwa fedha taslimu, na wakala amenikatia bima ya bei ya chini, 30/60/25. Nikigonga au nikigongwa, inalipa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, hicho ndicho kiwango cha chini kinachokubaliwa na sheria ya Texas, na kinamlipa uliyemgonga, si wewe. Kuna dola 30,000 kwa kila mtu aliyeumia, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja hata wakiwa watano, na 25,000 kwa gari au mali ya mwenzio. Hiyo 25 ndiyo inayotutia wasiwasi. Ukigonga pikapu ya dola 48,000 ikawa haitengenezeki, kampuni yako inatoa 25,000, na zile 23,000 zilizobaki utadaiwa wewe. Kabla hujalipia, mwambie wakala akupigie hesabu ya 50/100/50 pia, ulinganishe malipo ya mwezi.

Gari lako lenyewe halina kinga yoyote hapo. Kulikinga kunahitaji vipengele viwili: kimoja cha kugongana, kingine cha wizi, moto, mafuriko, mvua ya mawe na kugonga kulungu. Kila kimoja kina kiasi unachotangulia kulipa mwenyewe, mara nyingi dola 500 au 1,000. Kampuni hulipa thamani ya gari siku ya ajali, si bei uliyonunulia. Kwa hiyo gari la dola 2,500 likiharibika kabisa, na wewe ulichagua kutangulia na 1,000, unapata 1,500; kwa gari la namna hiyo kipengele cha kugongana hakina faida kubwa. Kama ungenunua kwa mkopo, benki ingekulazimisha kuwa na vyote viwili.

Sasa rudi kwenye zile karatasi ulizotia sahihi. Texas inailazimu kampuni ikupe kinga ya majeraha, inayoandikwa PIP, na kinga dhidi ya dereva asiye na bima, inayoandikwa UM, isipokuwa umezikataa kwa maandishi. Mara nyingi bima za bei ya chini hupunguzwa bei kwa njia hiyo: fomu ya kukataa inawekwa katikati ya karatasi nyingine, unasaini zote kwa mpigo. PIP huanzia dola 2,500. Hulipa matibabu yako na ya abiria wako, pamoja na asilimia 80 ya mshahara uliopotea, bila kujali nani mkosaji. UM ndiyo itakayokuokoa ukigongwa na mtu asiye na bima. Kama umezikataa, mpigie wakala leo azirudishe. Hazifanyi kazi kwa ajali iliyokwisha kutokea.

SWALI: Tunahamia Minnesota. Bima ya Texas itatosha hadi iishe muda?

JIBU: Hapana. Ukiwa safarini, bima yako kwa kawaida hukubalika jimbo lolote, lakini ukishakuwa mkazi lazima uwe na bima ya huko. Minnesota inataka 30/60/10, PIP ya dola 40,000 (20,000 za matibabu, 20,000 za mshahara na mahitaji mengine), na kinga dhidi ya wasio na bima au wenye bima pungufu, 25/50. Una siku 60 za kusajili gari na kubadili leseni. Usivunje mkataba wa Texas kabla mpya haujaanza: hata pengo la siku moja linaweza kukupandishia bei. Na usiendelee kutumia anwani ya zamani kwa kuwa ni rahisi zaidi. Kampuni ikigundua gari linalala Minnesota, inaweza kukataa madai yako.

SWALI: Nasambaza chakula jioni kwa programu ya simu. Bima yangu ya kawaida inanikinga?

JIBU: Mara nyingi hapana. Mikataba mingi ya bima binafsi haigusi ajali inayotokea ukibeba watu au mizigo kwa malipo. Omba nyongeza ya kazi hiyo kwa maandishi, kisha soma bima ya kampuni ya programu inaanza lini: ukiwasha programu, ukipokea oda, au ukishabeba chakula. Saa za kusubiri oda ndizo ambazo mara nyingi hazina wa kukulipia.