Konokono wa ziwani: yupi wa kichocho, na watafiti wanamtafutia nini

Mkuu, umeuliza mambo mawili: mwanao kaokota konokono pale Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, sasa yupi kati yao ana kichocho, na kwa nini watu wa utafiti hupita na ndoo wakiwakusanya. Kazi hiyo ya kukusanya nimeifanya kwa muda mrefu, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua.

Rangi achana nayo, kwa sababu tope na ukoga huwafanya wote wafanane. Angalia kifuniko. Konokono akijivuta ndani akafunga mlango kwa kigamba kigumu, huyo huku kwetu habebi kichocho. Asiye na kifuniko ndiye wa kushughulika naye. Vaa glovu, mshike kwa koleo, ncha ya gamba iwe juu na mdomo ukuelekee. Mdomo ukiwa kushoto, mchukulie kuwa ni Bulinus, wa kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, ni jamii ya Lymnaea, wanaoeneza minyoo ya ini kwa ng'ombe. Asiye na ncha, aliyejikunja bapa kama kamba iliyozungushwa sakafuni, ndiye Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Huyo damu yake ni nyekundu, maana ina himoglobini.

Ziwani kwenyewe wa kuogopwa zaidi ni huyo bapa. Bulinus utamkuta kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga, ndiyo maana kichocho cha mkojo kinasumbua zaidi vijiji vya ndani kuliko mialoni.

Kwenda zaidi ya hapo kwa macho tu ni kubahatisha. Biomphalaria wa kwenye matete ufukweni huitwa sudanica, na wa vilindini, tunayemzoa kwa chombo cha chuma kinachokokotwa na mtumbwi, ni choanomphala. Vipimo vya vinasaba vimewafanya baadhi ya watafiti waone kuwa huenda ni spishi moja inayobadilika umbo kulingana na makazi. Kwangu hilo ni jambo zito, kwa sababu kama ni mmoja, hata ukisafisha matete yote, wa vilindini watarudi kujaza nafasi.

Tena kumjua jina hakukuambii kama ana vimelea. Kila mmoja tunamweka peke yake kwenye kichupa cha maji safi, tunavipanga kwenye mwanga na kusubiri. Aliyeambukizwa huanza kutoa vidoti vyeupe vidogo mno, vinapanda na kushuka majini. Kwenye hadubini kila kidoti kina mkia wenye panda, na hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu. Kimelea kimoja kikiingia kwa konokono, huzaliana humo hadi maelfu. Vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua likiwa juu, saa zilezile watoto wanapooga. Kipimo cha hospitali kinakuonyesha nani anaumwa, lakini konokono anakuonyesha ugonjwa unapatikana ufukwe gani na saa ngapi. Bila kulijua hilo, mtoto atameza prazikwanteli, dawa ya kichocho, leo na kuambukizwa tena palepale.

Kuna mtu amesema kuchunguza konokono ni kupoteza fedha. Eric Kandel wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kueleza jinsi kumbukumbu inavyojengeka, na mnyama aliyemtumia ni Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli kubwa za fahamu. Huyu wetu anastahili kupewa uzito uleule.

Mkuu, konokono aliowaokota mwanao watie kwenye spiriti, andika mahali na tarehe, kisha uwapeleke NIMR Mwanza, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambao kichocho wamekifanyia kazi miaka mingi. Mtoto naye, kwa kuwa alishaingia majini, mpeleke akapimwe kinyesi na mkojo baada ya wiki sita hadi nane, maana mapema kuliko hapo mayai huwa hayajaanza kuonekana. Akianza homa au kikohozi kabla ya hapo, usisubiri, mpeleke na umwambie daktari kwamba alioga ziwani.