Saa tano usiku bado ofisini: wahasibu wanauliza, tunawajibu

Mimi ni mkaguzi msaidizi wa hesabu, Dar es Salaam. Msimu huu wa ukaguzi naingia saa mbili asubuhi, natoka saa tano usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Bosi anasema ndivyo taaluma ilivyo. Kweli?

Taaluma huenda ndivyo ilivyo, sheria sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya Tanzania Bara, inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Tupige hesabu, si ndiyo kazi yetu? Ukitoa saa moja ya chakula unabaki na saa 14 kwa siku, ilhali ukomo ni 12 hata pamoja na za ziada. Ziada yako ni saa 5 kila siku, 25 kwa wiki. Wiki mbili tu umemaliza kiwango cha wiki nne. Masharti haya hayawagusi wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na wewe hujafika huko.

Chanzo cha saa hizi ndefu mara nyingi ni bei. Ofisi inachukua kazi kwa bei ya kutupa, inapeleka vijana wawili penye kazi ya wanne, na pengo linazibwa kwa usingizi wenu. Wala kukesha hakuna faida: saa nne usiku mtu anaandika 73,600 badala ya 76,300, asubuhi timu nzima inasaka 2,700 kwenye urari, ile orodha ambayo jumla za pande mbili lazima zilingane. (Tofauti hiyo inagawanyika kwa 9, dalili ya tarakimu zilizopishana, kwa hiyo anzeni hapo.)

Jambo moja liko mikononi mwako: jaza saa zako zote, usizipunguze ili uonekane mwepesi. Bajeti ya mwakani hupangwa kwa saa hizohizo. Ukizificha, atakayekufuata atapewa muda uleule usiotosha.

Nina ofisi ndogo ya uhasibu Arusha. Vijana wanaomba kufanyia kazi nyumbani. Nitajuaje kama wanafanya?

Ritani, yaani taarifa za kodi za wateja, zitakwambia. Kodi ya mishahara mwisho tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20. Zikiingia kwa wakati na zikiwa sahihi, kazi imefanyika. Mishahara, ritani na usuluhisho wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki) vinafanyika popote penye intaneti. Kuhesabu stoo na kashi, hapana. Mafaili ya wateja yasipande daladala, na nywila zao zisitumwe WhatsApp.

Kama roho yako bado nzito, kuna njia nyingine ndani ya sheria ileile. Kwa makubaliano ya maandishi mtu anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, pamoja na mapumziko ya chakula, bila malipo ya ziada, mradi wiki isizidi saa 45. Siku nne za saa 11 ni saa 44, Ijumaa yake anabaki nayo. Ila wiki ya tarehe 20 msijaribu.

Nimerudi kutoka likizo ya uzazi. Msimamizi anasema kutoka mapema kwenda kunyonyesha ni upendeleo.

Kwa sheria hiyohiyo ya Tanzania Bara, ni haki yako: hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Mwandikie barua pepe fupi, taja saa unazotaka, nakala kwa afisa utumishi.

Niko Nairobi. Wateja huniletea karatasi zao za kodi tarehe 29 Juni, kila mwaka nalala ofisini.

Umewazoesha. Dirisha la ritani za watu binafsi liko wazi tangu Januari, linafungwa 30 Juni, na anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Wanajua hilo, wanajua pia kwamba utakesha. Andika kwenye barua ya makubaliano: karatasi zifike kabla ya 31 Mei, baada ya hapo ada inapanda. Wenye mshahara pekee waite mara tu wakishapata P9 zao (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa kwa mwaka), uwamalize mapema. Wachache watakukimbia. Waache, watahamia kwa mwenzako anayelala ofisini.