Jibu kwa mwalimu wa Lamu: usilipie hiyo kozi ya uchungaji wa dini zote

Usilipe. Hizo dola ziache papo hapo zilipo.

Nimesoma swali lako mara mbili. Umestaafu ualimu, unataka kusomea uchungaji wa dini zote kwa mtandao, upate cheti cha Marekani, kisha uwafungishe ndoa watalii wa Shela na vijana wetu wa dini tofauti. Unauliza kozi ipi nzuri, utoze kiasi gani, uvae nini. Mimi niko Malindi, nilitoka kazi ya hoteli nikaingia humo humo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe mwalimu umenionyesha kichaka kizima.

Cheti hicho hapa kwetu Kenya hakifungishi ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali (ile ya bomani), ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya "dini zote" haimo. Na kiongozi wa dini hafungishi kwa sababu ana joho, anafungisha kwa sababu ana leseni ya Msajili wa Ndoa. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na joho.

Basi nikawafungisha binti wa hapa Malindi na Muitaliano wake, ufukweni, upepo wa kusi unapeperusha maua hadi kwenye sahani za wageni. Nikawapa cheti nilichochapishia saiberi, kina utepe na muhuri wa dhahabu, tukatia sahihi watatu. Kizuri kweli kweli! Binti alipokipeleka kuombea viza, karani wa dirishani alikigeuza akatazama nyuma, akauliza, "Namba ya usajili iko wapi?" Jioni ile mamake alinijia kajifunga leso kiunoni. Aliyoyasema mlangoni kwangu mtaa mzima uliyasikia, na kwa haki. Mbuzi wameshaliwa, ukoo umeshapiga vigelegele, na mtoto wake kisheria hajaolewa. Bwana harusi alikuwa kesharudi kwao. Ikabidi atafute hati ya kuthibitisha hana kizuizi cha kuoa, arudi tena, watoe notisi, wangoje. Nilirudisha malipo yote na nikachangia tiketi ya ndege. Piga hesabu mwenyewe, mimi huwa naumwa kichwa.

Na yule "reverendi daktari" wa kwenye video, anayecheka muda wote kama anauza dawa ya meno? Alituapia kwamba cheti chake kinakubalika dunia nzima. Nilipomwandikia yaliyonikuta, akanijibu kwa kunipa punguzo la kozi ya juu zaidi! Dalali wa harusi aliyeniletea wateja naye ndiye aliyeniambia, "Pwani hii nani atauliza?" Kamisheni yake mpaka leo hajairudisha hata shilingi.

Kwa hiyo, mwalimu, shika hili moja: msajili kwanza, wewe baadaye. Wakaoane bomani. Notisi iwe si chini ya siku 21 na isipite miezi mitatu kabla ya ndoa, na maombi yanapitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Cheti cha serikali ukione kwa macho yako, ukishike, usome majina. Hapo ndipo uwafanyie sherehe ya baraka, uchanganye sala na mashairi utakavyo. Kwenye mkataba andika wazi kwamba ni sherehe tu. Usitie sahihi karatasi yoyote inayofanana na cheti, hata wakikulilia wanataka ya kutundika ukutani. Ukumbusho wao ni picha.

Nikahi usiiguse, hiyo ni ya kadhi na maimamu. Na bibi harusi akiwa Muislamu na mwanamume si Muislamu, wazee wa Lamu watauliza kama amesilimu kabla hawajakuuliza ulisoma wapi.

Joho langu sasa linafunika jenereta. Kama hela umeshatuma, wapigie benki leo, si kesho.