Karatasi ya kupinga fleti imefika mlangoni kwangu, nisaini?

Safari hii nimepata barua tatu kutoka mtaa mmoja wa Tabora, ile mitaa ya nyumba za zamani zenye uwanja mpana na miembe. Mtaa siutaji wala majina siyaandiki, wenyewe mtajijua. Zote zinaongelea kiwanja kimoja, kwa hiyo nimeziweka pamoja.

Barua ya kwanza

Mwangaluka mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi hapa tangu mwaka 2003 serikali ilipomuuzia marehemu mume wangu nyumba aliyokuwa anakaa kama mtumishi. Nyuma yetu kuna kiwanja kikubwa cha taasisi ya umma, miaka yote ni nyasi na miembe mitatu, sasa tumeambiwa zitajengwa fleti za kupangisha kwa bei nafuu, ghorofa tatu, familia 40. Jumapili baada ya ibada majirani wakaja na karatasi ya kupinga, wameshasaini watu 13, mstari wa 14 ndo wangu. Wanasema wezi wataongezeka, maji tutagombania, na nyumba zetu zitashuka bei kwa sababu ya "watu wa aina ile". Mama anayenisaidia kufua anakuja kwa mguu kutoka Mbugani, alikuwa pale pale anaanika mashuka, akasikia yote. Hakusema kitu, aliendelea kubana vibanio tu. Tangu siku hiyo kalamu inanishinda. Na hao majirani ndo walionishika mkono nilipofiwa, siwezi kuwageuka. Nifanyeje?

Jibu

Shikamoo mama, na pole sana.

Usisaini. Siyo kwamba majirani zako ni watu wabaya, na mradi wenyewe sijauona kwenye makaratasi kwa hiyo sisemi ni mzuri, ila hiyo karatasi kama ulivyonieleza inapinga watu kabla haijapinga jengo. Kitu kibaya kwenye jengo kinarekebishika kwenye ramani, lakini ukishaandika kwamba mtu wa kipato fulani hafai kuwa jirani yako, hapo fundi anarekebisha nini?

Afu mama tukumbushane huo mtaa umetoka wapi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 enzi za Wajerumani, na miji yetu mingi iliyokua wakati wa ukoloni iligawanywa hivyo hivyo, uzunguni viwanja vipana na barabara za miti, uhindini maduka, uswahilini viwanja vidogo vilivyobanana. Uhuru ulipokuja zile nyumba za uzunguni wakakaa watumishi wa serikali yetu, na kuanzia mwaka 2002 serikali ikaanza kuwauzia watumishi nyumba walizokuwa wanaishi. Ndo njia aliyopitia mzee wako. Alistahili, alitumikia nchi, wala simnyooshei kidole, lakini ukweli ni kwamba familia yako na nyingine za jirani zimepata makazi mazuri kwa mkono wa umma. Anayekufulia hajaomba zaidi ya hicho, na yeye hata hauziwi, anapangishwa na kodi atalipa.

Hilo ndo la kuwaambia majirani, na uwaambie ukiwa nyumbani kwao, mmekaa, chai mezani. Siyo kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, huko maneno yanachacha haraka. Sema mimi sisaini hii, ila tukiandika nyingine ya kudai tuonyeshwe ramani, mfereji na mpango wa majitaka nitakuwa wa kwanza. Waliokuzikia mume hawawezi kukutupa kwa sababu ya mstari mmoja mtupu, na kama yupo atakayenuna, mpe muda.

Na huyo mama wa Mbugani ongea naye. Usimwombe radhi ya juu juu, mwambie tu kwamba ulisikia alichosikia na kwamba hujasaini. Mtu akikaa kimya anaanika mashuka huku anasemwa, ule ukimya anarudi nao nyumbani kwake.

Barua ya pili

Dada mambo vipi. Mi nafanya usafi hospitali, zamu za usiku ni nyingi. Nimepanga chumba na sebule mbali kidogo na mji, elfu 60 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yani 360,000, nimekopa kwenye kikoba ndo nikaingia. Usiku siwezi kutembea peke yangu kwa hiyo boda 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, kwa siku 26 ni 78,000. Umeona? Boda inakula kuliko nyumba. Kile kiwanja wanachogombania ni dakika kumi kwa mguu mpaka kazini kwangu. Swali langu, hizo fleti tutazipata kweli sisi au ndo yale yale ya kuambiwa bei nafuu halafu wanaingia wenye magari?

Jibu

Mdogo wangu, hesabu yako nimeirudia mara mbili, iko sawa na inaumiza. Wenzetu wanaosema "si wakajenge huko nje viwanja ni rahisi" hiyo 78,000 hawaioni, wanaona bei ya kiwanja tu. Chumba chako hakina kodi ya elfu 60, kina kodi ya 138,000, ila sehemu kubwa unamlipa dereva wa boda.

Wasiwasi wako nauchukulia kwa uzito kuliko wasiwasi wote kwenye barua hizi. Hapa nchini neno "bei nafuu" limebandikwa kwenye nyumba nyingi ambazo mlinzi, mhudumu au mwalimu mpya hawezi kuzigusa, maana sementi na nondo ni za bei ile ile, mkopo wa nyumba wa benki kwa miaka mingi riba yake imekuwa juu ya asilimia 10, na ukichelewa mradi gharama zinapanda zote anabebeshwa mpangaji. Chukua hiki kipimo: kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Mtu huyo ukimwambia kodi ni laki tatu amebakiwa na laki mbili za kula, kusomesha na kutuma kijijini. Hiyo siyo nafuu, hata ukiandika kwa rangi ya kijani kwenye bango. Na wewe unayelipwa na mzabuni wa usafi huenda hata hiyo laki tano huioni.

Kwa hiyo msiulize "mtajenga lini?" Ulizeni kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi, inapandishwa na nani na baada ya muda gani, na mpangaji anachaguliwa kwa kigezo gani. Majibu yawe kwa maandishi kabla msingi haujachimbwa. Orodha ya waombaji na ya waliopata zibandikwe ofisi ya mtaa kila mtu azisome. Pale Magomeni Kota, Dar es Salaam, familia zilizobomolewa nyumba zao zilikuwa zinajulikana idadi, 644, zikasubiri miaka mingi sana mpaka fleti zikazinduliwa Machi 2022. Kusubiri kule kuliwachosha watu, ila mtu ambaye jina lake limo kwenye orodha inayojulikana ana pa kuanzia kudai. Nyie wa Tabora mkianza bila orodha mtadai kwa ushahidi gani?

Halafu hili la miezi sita. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005, tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wanakubaliana wenyewe, na unajua mwenye shida akikaa mezani na mwenye funguo nani anakubali. Lakini mwenye kiwanja hiki ni taasisi ya umma, anaweza kabisa kuamua kodi ilipwe mwezi kwa mwezi. Hilo lisemeni mapema na mliseme wengi. Kwako wewe lina maana ya kutokopa kikoba.

Barua ya tatu

Dada yangu, watu wanatuona sisi ni wachoyo. Mimi nimesaini ile karatasi na sijutii. Nilianza na meza ya mitumba, nyumba yangu nimekarabati kwa mkopo wa benki, bado nadaiwa. Mvua za Machi maji yanafika barazani kwangu sababu mfereji umeziba. Shimo la choo likijaa nasubiri gari la kunyonya siku tatu. Sasa niongezewe familia 40? Na nyumba yangu ikishuka thamani benki watanipunguzia deni?

Jibu

Kaka yangu, nashukuru umeandika wazi, na kwa mfereji uko sahihi kabisa. Jumamosi nilipita hapo. Kwenye kona kabla ya kiwanja mzizi wa mwembe umeinua kalavati na kulipasua, ndani kuna mchanga, chupa za maji na mfuko mzima wa nepi, kijiti nilichotumbukiza kilizama kama kiganja tu kikagonga uchafu mgumu. Maji hayana pa kupita hata leo ambapo fleti hazipo.

Majitaka ndo penyewe. Tufanye familia moja ni watu watano na kila mtu anatumia lita 70 kwa siku, familia 40 ni lita 14,000 kila siku, na sehemu kubwa inaishia chooni na kwenye sinki. Hizo huwezi kuzimwaga kwenye mashimo ya kawaida nyuma ya uzio wako. Kwa hiyo dai pleni ya majitaka, mashimo mangapi, ukubwa gani, gari la kunyonya linaingilia wapi na nani analilipa. Waulize pia kama tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika, msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Na kama kiwanja kilipangiwa matumizi mengine, kubadilisha kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, inatolewa taarifa na wenye pingamizi wanasikilizwa. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa uombe kuona ramani, usisubiri ya kusikia kijiweni.

Maji ya kunywa yananipa hofu ndogo. Tabora ya kutegemea Bwawa la Igombe siyo Tabora ya leo, maji ya Ziwa Victoria yameshafika, cha kuuliza ni kipenyo cha bomba linaloingia mtaani kwenu kama linatosha.

Kuhusu thamani ya nyumba sitakudanganya kwamba haiwezi kuguswa. Jengo baya lisilotunzwa, taka zimerundikana, litakuumiza. Ila bei ya nyumba yako imebebwa na hospitali, stesheni na soko kuwa karibu, na hivyo vinaendeshwa na watu ambao sasa hivi wanalala mbali. Na wezi kaka? Mlinzi wako wewe anaishi wapi? Unamwachia geti, watoto na funguo za gari usiku kucha, halafu unaogopa akipata chumba hapo nyuma. Hilo neno naomba ulitoe kwenye karatasi yenu, linawaaibisha na linafunika madai yenu ya kweli.

Andikeni upya, ya majitaka, mfereji, barabara na utunzaji wa jengo, mzungukeni yule mama mwalimu naye asaini, ipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, na nakala kwa diwani. Wakiwapa hizo pleni nitumie picha. Nitampa injinia wa maji ninayemwamini azipitie, na atakachosema tutakichapa hapa hapa.