Kata Kwanza, Hamu Utaikuta Mezani

"Dada, shikamoo. Mimi ni fundi mwenzio, niko Morogoro. Nguo za Idi hazijaisha, za Pasaka hazijaisha, na watu wameshaanza kuleta za Idi ya kuchinja. Nikiuona ule mfuko natoka nje naenda kufua. Hamu ya kushona imeniisha kabisa. Wewe unaitoa wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma nikacheka, hasa hapo kwenye kufua. Fundi akianza kufua mapazia ambayo hata hayajachafuka, ujue kuna gauni la mtu analikimbia. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu ujumbe wa namna hii napokea kila msimu, na pia kwa sababu mwaka huu nguo zote za Idi zilitoka fremuni kwangu kabla mwezi haujaandama. Zote. Niacheni nijisifu kidogo. Lawama huwa zinaletwa mpaka mlangoni, sifa mtu inabidi ajitafutie.

Kwanza pole, maana 2026 haukuwa mwaka wa mchezo kwa fundi anayeshonea watu wa dini zote mbili. Kwaresima na Ramadhani zilianza karibu pamoja katikati ya Februari. Idi ikaangukia karibu na tarehe 20 Machi, na Pasaka tarehe 5 Aprili. Hapo katikati unapumua saa ngapi? Wenzetu walioshona mwaka 2014 Idi waliipata mwishoni mwa Julai: unamaliza Pasaka, unasafisha mashine, unakaa wiki kadhaa unashona sare za shule na madera, ndipo wa Idi wanaanza kubisha hodi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na fundi asiyetazama kalenda anakuja kushtuka vitambaa vimefika darini. Tena nawatonya mapema: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba, siku zile zile za Krismasi. Mimi mwaka huo nitajifanya mgonjwa.

Sasa tuje kwenye hamu.

Miaka kadhaa iliyopita, Novemba, alikuja mama mmoja na pisi moja ya kitenge kizuri, cha bluu na rangi ya haradali. Alitaka gauni lake refu la kubana juu na kufunguka chini, mikono mikubwa ya mapuli, shati la mumewe, na nguo za watoto wawili. Pisi ni yadi 6. Yadi 6 ni mita tano na nusu, na upana wa kitenge unaujua mwenyewe. Nikamwambia, mama, hapa gauni na shati vitatoka, watoto watafutie kingine. Akaniangalia kama nimemuibia. "Fundi wangu wa zamani alikuwa anabana."

Kama wewe ni fundi, sentensi hiyo imeshakukera.

Nikapokea. Alikuwa mteja mpya, ana marafiki wengi, na Desemba ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Kile kitenge kikakaa. Kila nikikitandaza naona hakitoshi, nakikunja. Naye kila baada ya siku mbili ananitumia picha nyingine: sasa hataki mapuli, anataka mikono mirefu, sasa anataka mgongo wazi, sasa mapuli yarudi. Nikaanza kushona nguo za watu waliokuja nyuma yake, ndogondogo, ilimradi nionekane nina kazi. Ule mfuko wake nikauweka chini ya mifuko mingine. Usiku nalala nikiufikiria.

Nilimkabidhi mkesha wa Krismasi, usiku, nguo zote nne. Za watoto niliziunga kwa vipande mpaka ikaonekana ni mtindo. Akachukua, akalipa nusu iliyobaki huku amenuna, akaondoka. Asubuhi ya Krismasi nikaambiwa nimerushwa WhatsApp: picha ya fremu yangu, maandishi juu yake kwamba mafundi wa siku hizi ni waongo, tukae mbali na huyu. Wateja watatu wa mtaa wake sikuwaona tena. Mwaka uliofuata nilikutana naye kwenye sherehe ya kipaimara, amelivaa gauni lile lile, limemkaa mwilini vizuri hata mimi nikageuka kulitazama. Hakunisalimu. Mpaka leo nasema kosa halikuwa langu, na anayetaka kubishana nami juu ya yadi 6 aje na futikamba yake.

Lakini baada ya hapo ndipo ugonjwa wangu ulianza. Msimu ukifika, mifuko ikijaa, nikishika kitambaa cha mtu mkono unakuwa mzito. Si uvivu, maana siku hiyo hiyo naweza kufagia, kupanga vifungo kwa rangi, kupaka mashine mafuta, kumpikia jirani. Kila kitu nafanya ila kilichonileta. Nilijaribu ushauri wote mnaoujua. Kujipa zawadi: nilikula zawadi kabla ya kazi. Kujiwekea malengo ya siku: niliandika ukutani, ukuta ukachafuka. Kuweka taarabu: nilisikiliza taarabu vizuri sana. Wale mabinti wa mitandaoni wanaotuonyesha kitambaa, wanapiga kofi, gauni limekwisha, ndio walinimaliza kabisa.

Dawa niliipata bila kuitafuta. Ilikuwa Ramadhani, mchana, joto la Dar es Salaam lile linalokausha koo hata la asiyefunga, na umeme ukakatika. Juki, mashine yangu ya umeme, haizunguki, ovaloki ya kufungia kingo haizunguki, cherehani ya mguu ilikuwa kwa binti yangu wa kazi anapindia mashuka. Nikawa sina la kufanya. Nikatandika mkeka, nikachukua chaki na mkasi, nikasema nikate kanzu moja ya mtoto ili muda uende. Nikakata. Kwa kuwa karatasi ya kaki, ile ninayofuatisha umbo la nguo, ilishakuwa juu ya kitambaa, nikakata ya pili. Halafu madera. Halafu abaya mbili. Adhana ya magharibi ilinikuta nimezungukwa na mafungu ya nguo zilizokatwa, na mfuko mkubwa umelala mtupu. Umeme uliporudi baada ya tarawehe nilikaa kwenye mashine bila mtu kunisukuma, nikaunga mabega, nikapachika mikono, mpaka watu wa daku wakaanza kupita na ngoma zao. Nilikuwa naimba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote nilikuwa naogopa mkasi. Kushona sijawahi kuogopa tangu nijue kuvisha uzi kwenye sindano. Ukikosea mshono unachukua kiwembe unafumua. Ukikosea kukata, umeharibu hela ya mtu, na huenda Kariakoo nzima rangi ile imeisha. Ndiyo maana kitambaa kisichokatwa kinatisha, na kilichokatwa kinaita. Mama yangu, aliyenifundisha kazi hii kwenye cherehani yake ya mguu, Butterfly, alikuwa anakata nguo zote za sikukuu sakafuni ndipo anakaa kwenye mashine. Mimi nilidhani ni kwa sababu hatukuwa na meza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, mdogo wangu, ni huo: kata kwanza. Usiseme nikate hili nilishone liishe ndipo nikate lingine. Utarudi kwenye hofu ile ile kila asubuhi. Tenga siku, funga mlango, zima simu kwa sababu picha mpya za mishono zinaingia humo, na kata.

Kabla ya kukata, vitenge na vitambaa vya pamba viloweke, vikauke, vipigwe pasi. Pamba husinyaa ikipata maji mara ya kwanza, na atakayelaumiwa ni wewe, kiwanda hakitajwi. Kata zinazofanana pamoja: kanzu za watoto kwa karatasi moja ya kaki, unaongeza tu urefu na upana kwa umri, madera nayo kwa mkupuo, kwani hayana vipimo vya kubana. Lile gauni la yadi chache, lile unaloliweka chini ya mengine, likate la pili au la tatu, mkono ukiwa umeshachangamka. Ukianza nalo utakwama, ukimalizia nalo utakuwa umeshachoka. Na likiwa halitoshi, mpigie mwenyewe siku hiyo hiyo ukiwa umelitandaza, umwambie halitoshi, umtumie picha ya kitambaa na vipimo vyake. Ningefundishwa hilo zamani ningeokoa wateja watatu.

Ukishakata, kila nguo ifunge fungu lake kwa utepe wa kitambaa chake chenyewe. Ndani ya fungu kuwe na zipu, vifungo, bitana, gamu ya kukazia kola, uzi, na karatasi yenye jina na vipimo. Fungu lisilo na zipu halijakamilika, liweke pembeni. Hamu nyingi zinafia kwenye zipu ya inchi 22. Umekaa umepania, umefika mgongoni, zipu hakuna, unainuka kwenda dukani, unakutana na shoga yako, siku imekwisha. Andika vinavyokosekana vyote, nenda Kariakoo safari moja.

Kwenye mashine mimi naanza na nyeupe. Kanzu na magauni ya kipaimara kwanza, mashine ikiwa safi, kabla vumbi la vitenge vyekundu halijaingia kwenye meno ya mashine. Halafu nafuata rangi za uzi, ili nisibadilishe bobini kila dakika. Mwisho vile vitambaa vyepesi vya shifoni na lesi, na hapo natoa sindano namba 14 naweka namba 11 au 9. Sindano mpya, jamani. Sindano butu inavuta nyuzi na kuruka mshono, nawe unakasirikia kitambaa bure.

Yaliyobaki ni hayo hayo: kata. Ukiamka hujisikii, kata. Umeme hakuna, kata. Umegombana na mtu nyumbani, hapo usikate, fua.

Kuna jambo lingine sipendi kulisema ila nitalisema. Nusu ya mifuko inayotuvunja moyo tumejiletea kwa kuogopa kusema hapana. Mteja amekuja siku tano kabla ya Idi na abaya ya kutarizi, wewe unajua haiwezekani, unasema "tutaangalia". Hakuna cha kuangalia. Ndugu naye analeta vitambaa vya familia nzima na kusema tutaongea, na ninyi mnajua tutaongea ni shilingi ngapi. Nguo isiyolipiwa kianzio haina hamu. Mwili wa fundi unajua. Mimi sasa nachukua nusu kabla sijapima kiuno, awe jirani, awe mke wa sheikh. Wengine walisema nina kiburi. Wanaosema hivyo wameshonewa, wamevaa, wamependeza.

Nanyi wateja mnaosoma hapa, msidhani mmesalimika. Mnatuita waongo, mna vichekesho vyenu vya fundi na "njoo kesho". Sawa, wapo waongo. Lakini mtu anayekaa na kitambaa kabatini tangu Maulidi, anakileta kumi la mwisho la Ramadhani na mishono sita kwenye simu, huyo naye tumwiteje? Mwezi unaweza kuandama siku ya 29. Fundi hana siku ya 30 mfukoni. Leteni mapema, chagueni mshono mmoja, na mkishachagua simu iwekwe chini. Mkija kujaribu, njooni na viatu mtakavyovaa, maana upindo unategemea kisigino. Na nguo ikimalizika ifuateni. Nina magauni mawili hapa ya Pasaka ya mwaka juzi, yameshonwa, yamepigwa pasi, yanangoja wenyewe ambao walinipigia simu kwa vilio wiki ile.

Idi ya kuchinja itakuwa karibu na tarehe 27 Mei. Oda zangu zinafungwa tarehe 10, na kuanzia tarehe 11 mpaka 13 fremu haifunguliwi kwa sababu nitakuwa chini kwenye mkeka nakata. Kitambaa kitakachofika baada ya hapo kitashonwa baada ya Idi, hata kama aliyekileta ni shangazi yangu. Shangazi, najua unasoma.