Uvimbe mdogo kwenye titi: kabla ya kisu, ijulikane ni nini

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 34, watoto wawili, naishi Ifakara. Nikiwa naoga nilishika kitu kigumu kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani, ukubwa wa harage. Hakiumi. Kituo cha jirani wameniambia ni kidogo tu, watanipiga ganzi, wakitoe, nirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mama mkwe anasema uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika na kusambaa. Mume wangu anasema kwanza tuombe. Mimi naogopa kukatwa titi. Nifanye nini?
– Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuandika mapema. Mimi ni daktari wa patholojia. Wagonjwa siwaoni sana, ninachokiona ni vinyama vyao chini ya hadubini. Kwa hiyo nakujibu kutoka kwenye meza yangu ya maabara, na neno langu la kwanza ni hili: usikubali kupasuliwa kabla haijajulikana unapasuliwa nini.

Uvimbe mwingi kwa wanawake wa umri wako si saratani. Upo unaoitwa faibroadenoma, laini pembeni, unakwepa kidole ukiubonyeza, na huwapata zaidi walio kati ya miaka 15 na 35. Upo pia wa maji matupu, unaoisha kwa kunyonywa na sindano. Lakini saratani nayo huwapata wenye miaka 34, na kutouma hakumaanishi usalama, maana saratani changa ya titi mara nyingi haiumi. Hakuna kidole cha daktari kinachoweza kuapa. Ndiyo maana tunataka vitu vitatu vikubaliane: mkono wa daktari, picha, na kinyama kilichochukuliwa kwa sindano.

Hapo Ifakara mna hospitali ya rufaa, Mtakatifu Fransisko. Anzia huko, omba kliniki ya upasuaji. Kwa umri wako picha ya kwanza ni altrasaundi. Titi la msichana au mama kijana limejaa tishu nzito ambayo kwenye mamogramu, yaani eksirei ya titi, hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe, hivyo hufichana. Mamogramu huanza kufaa zaidi kuanzia miaka 40, na uzuri wake ni kwamba inaweza kuonyesha chembe za chokaa, ambazo pengine huashiria saratani changa na hakuna mkono ungezishika. Jambo hili lina zaidi ya miaka mia: mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga eksirei matiti 3,000 yaliyokwisha kutolewa, akaziona.

Kwenye karatasi ya picha huenda ukakuta herufi BI-RADS na namba, yaani ngazi ya kukadiria uwezekano wa saratani. Usiisome ukiwa peke yako usiku. Namba 3 maana yake uwezekano wa saratani uko chini ya 2 kati ya 100, na kwa kawaida huambiwa urudi baada ya miezi 6. Namba 4 au 5, unachomwa sindano ya sampuli.

Sindano yenyewe: ganzi kwanza, kisha mlio mfupi wa spring, na kinatoka kipande chembamba kama uzi wa kushonea. Huchukuliwa vipande kadhaa. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba namwelewa. Ameona ndugu na majirani waliofika hospitali ugonjwa umeshasambaa, wakapasuliwa, wakafa, na lawama ikaangukia kisu. Sindano ya sampuli haijaonekana kumfupishia mgonjwa maisha. Kinachoyafupisha ni miezi inayopotea.

Sasa kinyama chako kikishatoka, hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa wodini kila siku. Kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji inayokizuia kuoza, ndani ya saa moja ikiwezekana. Kisitiwe kwenye maji ya dripu, kisilazwe kwenye pamba kavu. Kikioza, mimi sina cha kusoma. Maabara tunakiacha kwenye fomalini kati ya saa 6 na 72, tunakigandisha kwenye nta, tunakikata vipande vyenye unene wa takriban sehemu nne za elfu za milimita, tunakipaka rangi ya zambarau na waridi. Hapo seli zinajieleza: zimekaa kwa mpangilio, au zimevunja ukuta na kuingia zisikotakiwa. Ikiwa ni saratani, tunaipima tena kama inalishwa na homoni na kama ina kwa wingi HER2, protini inayozisukuma seli kukua, maana majibu hayo ndiyo yanayochagua dawa. Yenye kulishwa na homoni hupewa vidonge, kama tamoksifeni, kwa miaka 5 au hata 10. Yenye HER2 ina dawa yake ya dripu. Bila majibu hayo daktari anabahatisha, na unabahatishwa wewe.

Kuhusu kukatwa titi. Huko Milan, Italia, kati ya 1973 na 1980, daktari Umberto Veronesi na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 701 wenye saratani isiyozidi sentimita 2. Kundi moja lilitolewa titi lote, jingine lilitolewa sehemu yenye uvimbe, likapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalitangazwa 2002: idadi ya waliobaki hai haikutofautiana. Uvimbe kurudi pale pale kwenye titi kulitokea zaidi kwa waliobakiziwa titi, wanawake 30 dhidi ya 8, na hilo lazima ulijue kabla ya kuchagua. Kwetu kuchagua huko kunategemea mionzi, nayo hutolewa katika hospitali chache, kama Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Ni wiki kadhaa za kwenda kila siku ya kazi. Kama kulala Dar hakuwezekani, kwa saratani ndogo kama hizo kutoa titi lote si tiba hafifu, na hakuna aibu ndani yake.

Ombeni, mwanangu, na mume wako akusindikize kliniki. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa awe amejua jibu lake ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Zako zimeshaanza kuhesabika.

SWALI: Daktari, mwaka jana mke wangu alitolewa uvimbe kwenye titi katika kituo fulani. Wakasema ni mafuta. Sasa umerudi pale pale, na kwapani kuna tezi. Hatukupewa majibu yoyote.
– Msomaji, Tabora

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Rudi kituoni uulize jambo moja: kinyama kilipelekwa maabara gani? Kama kilipelekwa, omba namba yake. Vipande vya nta huhifadhiwa miaka mingi, na naweza kukisoma leo kana kwamba kilitoka jana. Kama kilitupwa, usipoteze siku kugombana. Mpeleke hospitali ya rufaa, achomwe sindano ya titi na ya tezi ya kwapani, zote mbili. Asipasuliwe tena kabla ya majibu, kwa sababu ikiwa ni saratani iliyofika kwapani, mara nyingi dripu za saratani hutangulia ili uvimbe unywee, ndipo apasuliwe. Beba kila karatasi mliyopewa mwaka jana, hata risiti ya malipo, maana inaonyesha tarehe na upande uliopasuliwa.