Sinywi Bia, Ila Nikikuchagulia Hutajuta

Juzi usiku nimetoka zamu miguu inawaka, nafungua simu nakuta ujumbe wa kijana wa Wete. "Kaka, nimepata kazi kaunta, hoteli moja ya Nungwi. Wageni wananiuliza bia ipi nzuri na mimi tangu nizaliwe sijaionja. Nifanyeje nisifukuzwe?" Nikamjibu kwa sauti, dakika nne nzima, kisha nikaona bado sijasema kitu. Najua mko wengi mliotoka visiwani humu na mnataka kufika mbali katika kazi hii, basi hili ni lenu nyote.

Mimi nina mwaka wa kumi na moja nyuma ya kaunta, sasa nipo Paje, na sijapata kuimeza hata tone. Natumia pua. Na kwa pua hii hii wapo wageni wanaorudi kila mwaka wakaniulizia mimi kwa jina, wakapita wenzangu wanaokunywa mpaka alfajiri. Nasema tu.

Mwanzo kazi ilikuwa nyepesi. Kilimanjaro, Safari, Serengeti: zote laga, zote za baridi, mgeni akiikosa hii anachukua ile na maisha yanaendelea. Kisha bosi wetu wa wakati ule akaleta makreti ya bia za nje, za viwanda vidogo. Za ngano za Ujerumani, stauti nyeusi kama kahawa, IPA, aina ya bia yenye uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na chupa za eli, bia ya jadi ya Uingereza. Akatuambia, "Ziuzeni." Hakuna aliyetufundisha kitu.

Siku ya kwanza namimina bia ya ngano kwa mzee mmoja wa Kijerumani, harufu ikanipanda puani nikasimama. Wallahi nilijiona nipo kwetu Pemba, Chake, pale Wawi, upepo unatoka kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Mimi nimekua nikilala juu ya magunia ya karafuu, siwezi kudanganyika. Nikamwambia, "Mzee, humu wametia karafuu." Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwao Bavaria kuna sheria ya mwaka 1516 iliyotaka bia iwe ya maji, shayiri na hopsi basi, na hata hii ya ngano iliyoruhusiwa baadaye haitiwi kiungo. Harufu ile inatengenezwa na hamira yenyewe inapochachua. "Nusa tena," akasema. Nikanusa. Chini ya karafuu pakawa na ndizi mbivu. Nayo ni hamira.

Alikaa siku sita, na kila jioni alinipa somo. La mwisho lilikuwa namna ya kumimina: glasi ndefu, uiinamishe, na ukibakisha kidogo chupani, izungushe chupa ile hamira iliyotuama chini iamke, kisha umalizie juu. Aliniachia bakshishi ambayo sitaitaja, maana mama atasoma hapa. Toka siku hiyo nikawa mimi ndiye bingwa wa bia. Wenzangu wananiita fundi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mimi nililitia.

Miezi michache baadaye akaja Muingereza, mtu mzima, mkimya, akaulizia eli. Nikamkatiza kabla hajamaliza. Nikaitoa chupa kwenye friza, imeota barafu ubavuni, nikamimina, na mwisho nikaizungusha kwa mbwembwe zote kama nilivyofundishwa na yule mzee, tope lote likaingia glasini. Akanywa funda moja. Akaiweka. Akaniuliza kwa upole, "Wewe mwenyewe unakunywa hii?" Nikasema hapana.

Usiku ule aliandika mtandaoni mistari minne. Bosi aliisoma kwa sauti jikoni mbele ya wote, mpaka wa kufua mashuka. Naikumbuka neno kwa neno na sitaiandika. Miaka minane imepita na nikiona chupa ya namna ile tumbo bado linanikata.

Kosa langu nilikuja kulifahamu baadaye. Eli ile ambayo Waingereza huiita ya kweli ni kama tembo letu la mnazi: iko hai. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni kali, kwa sababu halijanyamaza. Na eli hutiwa pipani na hamira yake ikaendelea kuchachuka humo humo, ikavutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi. Pipa likishafunguliwa lina siku chache tu, ndiyo maana huku halifiki. Wana hata chama cha wanywaji, CAMRA, kilichoanzishwa 1971, waliokasirika kuona viwanda vinawaletea bia iliyokwisha kuuliwa. Wanaiona tamu ikiwa kwenye nyuzijoto 11 mpaka 13 hivi. Mimi nimeigandisha. Na zile za chupa zenye hamira, wengi wao hutaka mashapo yabaki chini, chupa isimame wima tangu jana na mkono usitetemeke. Yaani lile lililomfurahisha Mjerumani ndilo lililomtia kichefuchefu Muingereza. Laiti ningemuuliza neno moja tu.

Kwa hiyo, kijana wangu, uliza. Muulize kwao anakunywa nini, anapenda chungu au tamu, baridi kiasi gani, mashapo anataka au hataki. Soma chupa: asilimia ya kileo, na tarehe, khasa kwa IPA, maana harufu ya hopsi hupotea na kinachobaki ni uchungu mtupu. Chupa usiziweke juani hata kidogo. Mwanga ukizipiga hopsi bia hutoa harufu ya ngawa, na chupa ya kijani au nyeupe haiikingi kama ya kahawia. Nimeona makreti yameanikwa ufukweni kama dagaa na mtu anashangaa wageni wanarudisha. Glasi isinuke sabuni. Nusa kabla hujapeleka. Na uliza. Nimesema uliza?

Na usione haya kusema hunywi. Hili ndilo linaloniudhi kwa vijana wa sasa. Unamsikia mtu anamwambia mgeni "hii ndiyo ninayoipenda mimi," na hajapata kuigusa! Mgeni si mtoto. Mimi siku hizi nasema mapema: mimi Muislamu, sinywi, lakini nitakunusia. Wanafurahi, na wananiamini zaidi kuliko yule anayejifanya. Uongo wa kaunta una miguu mifupi, na ukishaanza kudanganya kwenye bia utadanganya na kwenye hesabu za usiku.

Lipo jengine uliloniuliza mwisho wa ujumbe, nyumbani utasema nini. Idi iliyopita ami yangu alinikalisha barazani, kahawa imeshamiminwa, akanisomea hadithi ya Mtume ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Hakuishia kwa mnywaji. Akamtaja mwenye kuibeba, akamtaja na mwenye kuimimina, akanitazama. Nikainama nikainywa kahawa yangu. Ada ya skuli ya mdogo wangu inatoka kaunta hiyo hiyo, na ami analijua hilo, hakulisema, na mimi sikulisema. Mpaka leo sijapata la kumjibu, kwa hiyo na wewe sina la kukupa. Mwaka huu nitakwenda tena kumuamkia, nimkute pale pale barazani.